Habari za Baba Nilizozipeleka Nyakitonto

Nilizaliwa Tanga, kwenye mashamba ya mkonge, ambako baba yangu, Muha wa Kasulu, alikwenda kijana na hakurudi tena kwao. Miaka ya sabini nilipangiwa kufundisha Kasulu. Wenzangu walitaka kunitafutia mkalimani wa kwenda naye kwa shangazi, kijijini Nyakitonto. Nikakataa. Mimi mwenye jina la Kiha niombe mkalimani kwa ndugu zangu?

Kiha changu chote kilikuwa salamu na "ego", yaani ndiyo. Niliamini barua ya msiba wa baba ilishafika, kwa hiyo shangazi aliponishika mikono na kulitaja jina la baba, nilidhani ananipa pole. Kila alipotua nikajibu, "Ego." Akacheka, akaita majirani, jogoo akachinjwa. Nami nikakaa pale kwa fahari, mwana aliyerudi kwao.

Jioni binti yake alitoka shambani. Yeye alijua Kiswahili.

"Kaka, mama anasema mjomba yuko njiani. Umemwacha mjini?"

Shangazi alikuwa akinitabasamia.

"Tulimzika Tanga mwaka jana," nikasema. "Mwambie wewe, dada. Mimi sijui yanavyosemwa."