Wapita Njia katika Ukurasa wa Malori

Asubuhi ile niliondoka mtaani kwetu, Hewa Bora, bila kujua niendako. Nilipofika barabara kuu nilikuta lori limesimama, dereva wake akiipiga simu makofi.

"Tangu jana page ya wakala wangu haifunguke," alilalamika. "Ntajua aje kama papier zangu za forodha ziko tayari?"

"Unaenda wapi, yaya?" nilimuuliza, nikimheshimu kama kaka mkubwa.

"Kasumbalesa. Panda, unitengenezee njiani!"

Njiani sikuweza kufanya kitu, lakini udadisi ulikuwa umeshanishika. Shule niliiacha mapema; kompyuta nilijifunza kwa kuzifungua za watu, nikiogopa kushindwa kuzifunga tena.

Mpakani Kasumbalesa alinipeleka moja kwa moja kwa wakala wake wa forodha, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mkononi alikuwa na barua ya kampuni inayomkodishia seva: watu wasiojulikana wanapitia kwenye seva hiyo kusumbua tovuti za wengine. Wasipokoma kufikia saa kumi, seva itakatwa. Saa nane ilikuwa imepita. Kwenye ukurasa ule ndipo wateja wake wote walipoangalia malori yao. Ukurasa huo ukifa, wangehamia kwa wakala mwingine.

"Weye uko na diplome gani?" mama aliniuliza.

"Sina hata moja, mama."

"Ule wa mbele alikuwa nazo mbili," dereva akasema, akimaanisha fundi aliyeifunga seva. "Angalia kenye alifanya!"

Mama akanisukumia kiti.

Nilisoma mipangilio ya seva mstari kwa mstari. Fundi wa kwanza alitaka jambo dogo: mgeni akifungua ukurasa, seva imchukulie orodha ya malori kutoka programu ya ndani. Kwa hilo mstari mmoja ulitosha. Yeye aliongeza wa pili, uliofanya seva iwe proksi ya kila mtu: yeyote duniani aliweza kuituma popote, na huko ikaonekana ni mama aliyebisha hodi. Msongamano wao ndio uliozuia ukurasa wa malori kufunguka.

"Ukigusa hapo, kamiyo zitapotea kwa page?"

"Malori hayapotei, mama. Ule mstari wa kwanza siugusi."

Nikauzima wa pili, nikaiwasha seva upya. Ukurasa ukafunguka, malori yote yakiwemo. Tukafungua daftari ambamo seva huandika kila anayeingia na anakotaka kwenda. Tovuti za kamari ziliendelea kushuka kama mvua, na kando ya kila moja ile namba 200, maana yake mtu amehudumiwa.

"Bongo!" mama akasema, akiniona mwongo. "Banaingia tu!"

Saa tisa na nusu. Nilisimama, nikaenda mlangoni, nikaangalia barabara, nikarudi. Nikaanza kusoma daftari upya, safari hii si namba zile bali ukubwa wa majibu. Yote yalikuwa na ukubwa mmoja, hata tarakimu ya mwisho.

Nikaazima simu ya dereva, nikaielekeza ipitie kwenye seva ya mama, nikaomba tovuti moja ya kamari. Ikaja orodha ya malori ya Kasumbalesa.

Dereva alicheka hadi akashika ukuta. "Bantu banatafuta kamari, banaona kamiyo yangu!"

Mama hakucheka. "Basi, bado banapita ao hapana?"

"Hawapiti. Wanabisha, wanaonyeshwa sebule yako tu."

Aliiandikia kampuni mwenyewe, kwa vidole viwili. Kabla ya saa kumi jibu lilifika: hawatakata, wataendelea kuangalia mpaka kesho.

"Na weye hauende mpaka kesho," akasema, akifungua droo kutafuta ufunguo. "Chumba iko kwa dada yangu, pale nyuma."

"Na nikitaka kuondoka leo?"

"Na nani? Dereva wako iko kwa foleni."

Dada yake alinionyesha kitanda na chandarua, akaniuliza nitakaa siku ngapi. Nilimjibu moja. Akaniletea ndoo, mche mzima wa sabuni, wa kutosha mwezi, na shuka mbili.