Majina Matano kwenye Karatasi Moja

Kila Alhamisi, ikifika saa mbili na nusu asubuhi, Zenta Popp alikuwa ameshasimama kando ya mashine ya tiketi katika stesheni ya Hof, mfuko wa kitambaa begani, kipande cha boksi mkononi. Kwenye boksi alikuwa ameandika kwa kalamu nene: NUREMBERG, KWENDA NA KURUDI. Chini yake kulikuwa na neno moja dogo: karibuni. Neno hilo aliliandika mwezi wa tatu, alipokuwa bado na moyo wa kukaribisha watu. Sasa ulikuwa mwezi wa sita, neno limefifia, na hakujisumbua kulikoleza.

Tiketi yenyewe ni ya siku nzima, jimbo zima, mradi upande treni za polepole zinazosimama kila penye kibanda na benchi. Mtu mmoja akiinunua peke yake inamuuma. Watano wakichanga, kila mmoja anatoa kama bei ya chakula cha mchana. Siku za kazi haifanyi kazi kabla ya saa tatu, na majina ya wote lazima yaandikwe juu yake kwa kalamu ya wino. Ndiyo maana penye mashine ile hapakosi mtu anayetafuta wenzake. Hawajuani na wala hawana haja ya kujuana. Wanachohitajiana ni majina tu.

Zenta hakuzaliwa na ujuzi huo. Miaka thelathini na mmoja alikuwa kiwandani akibandika mikono ya vikombe vya kauri, mpaka kiwanda kikafungwa. Siku hizi alisugua masufuria katika jiko la shule, na Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yake ya mapumziko, kama mapumziko yenyewe ni hayo. Mumewe, Alfons, alipigwa na kiharusi mwezi wa pili. Akapelekwa Nuremberg kwa kuwa huku karibu vitanda vilijaa. Mwezi wa kwanza Zenta alilipa nauli kamili, na mwisho wa mwezi akala viazi siku tisa mfululizo. Baada ya hapo akachukua boksi.

Alishajifunza kusoma watu. Mwenye sanduku la magurudumu na koti lililopigwa pasi huyo ni wa treni ya mwendo kasi, usimsumbue. Anayeangalia bei, akarudi nyuma hatua moja, kisha akaangalia tena, huyo ni wake.

Alhamisi hiyo aliwapata mapema. Wa kwanza Mzee Ruckdeschel, mstaafu wa posta, aliyekwenda Nuremberg karibu kila wiki kucheza karata na shemeji yake. Kisha Bi Wohlrab na binti yake, wanaokwenda kutafuta gauni la harusi. Wa mwisho kijana mmoja mrefu, Janosch, vidude vya muziki masikioni, ambaye jioni alikuwa na zamu ya kuosha vyombo hotelini huko huko Hof.

"Leo nauli imeshuka, mama, au bado unatunyonya?" Mzee Ruckdeschel aliuliza, kama alivyouliza kila wiki.

"Shuka utembee, mzee. Miguu yako haina nauli."

"Miguu yangu ilisambaza barua miaka arobaini. Imegoma."

"Basi leta jina na hela, uache hotuba."

Zenta aliandika la kwake juu, Popp, kisha mengine manne. Halafu akasema maneno yake ya kila wiki, bila kuinua macho. "Kurudi ni treni ya saa kumi na dakika arobaini, jukwaa namba nane. Karatasi ni moja. Mimi nikiwepo na nyinyi muwepo. Atakayechelewa, shauri yake."

"Na wewe ukichelewa?" aliuliza binti Wohlrab.

"Mimi sichelewi."

Janosch hakusikia lolote. Walipopanda alikwenda kukaa behewa la mbele, peke yake, karibu na dirisha. Baada ya vituo viwili mkaguzi wa tiketi, mwanamke mnene mwenye sauti ya mwalimu wa michezo, akaja akimsukuma mbele yake kama mwizi wa kuku.

"Bi Popp, huyu kijana ni wako? Ananiambia jina lake limo kwenye karatasi ya mama fulani mwenye mfuko wa kijani."

"Ni wangu."

"Mwambie basi. Jina bila karatasi si tiketi. Ningekuwa na roho mbaya leo angelipa faini."

Janosch alikaa, masikio mekundu. Mzee Ruckdeschel akampigapiga goti. "Usijali, mwanangu. Hata kondoo huwa anapotea mara moja ndipo anajifunza kukaa na kundi."

"Yeye si kondoo," Zenta alisema akifumba macho. "Kondoo wana masikio."

Hata yeye hakucheka. Kwa saa nzima iliyobaki alijifanya amelala, ila mkono haukutoka mfukoni, vidole juu ya karatasi. Hakuwahi kulala kweli ndani ya treni. Mwenye karatasi hasinzii.

Hospitalini, Alfons alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya dirisha, shati limemlegea shingoni kana kwamba ni la kaka yake. Alikuwa mtu wa tanuri la kiwanda huyo, mabega ya kubeba mbao za vikombe mia kwa mpigo. Zenta alimbusu kwenye paji la uso, akamwambia habari za Hof, kwamba jirani amenunua mbwa na mbwa hana akili. Alfons alimtazama. Tangu mwezi wa pili hakuwa ametamka neno. Saa sita akamlisha viazi vilivyopondwa na mchuzi, akala, taratibu, nusu sahani.

Muuguzi wa zamu, Bi Ansgard, alimwita nje mlangoni.

"Bi Popp, umeona alivyokonda?"

"Nina macho."

"Ukija wewe anakula mchana. Siku nyingine anakula kidogo kidogo. Lakini jioni hagusi chakula kabisa. Tunaleta uji, anafumba mdomo, anaangalia mlango. Kila jioni. Daktari amesema Jumatatu ikifika hivi hivi, tutamtia mrija wa kulishia tumboni."

Zenta alishika ukingo wa mlango. "Mrija wa muda?"

"Wanasema wa muda." Bi Ansgard aliangalia chini. "Kwa umri wake, wengi hawautoi tena, mama. Sikufichi. Laiti mtu wake angekaa naye jioni moja tu. Uji unakuja saa kumi na moja."

Saa kumi na moja. Tangu mwezi wa tatu, Alhamisi zote, Zenta alikuwa akivaa koti saa kumi na dakika kumi. Alfons alikuwa akimwona anavaa. Uji ulipokuja, mkewe alikuwa keshaondoka. Zenta alidhani Alfons anaangalia mlango kwa sababu mlango uko mbele yake.

Alirudi akakaa. Alipiga hesabu moja tu kichwani, na ilikuwa ya miguu, si ya hela. Kutoka hospitali mpaka stesheni, dakika ishirini. Kurudi, nyingine ishirini na tano, maana kuna kilima. Watu wanne walikuwa wanamsubiri jukwaa namba nane, na hakuwa na namba ya simu ya hata mmoja wao. Desturi haikuwa hivyo. Mtu humpi namba yake mtu wa tiketi, kama vile humwaliki harusini. Asipotokea, mzee anakwama, kina Wohlrab wanakwama na gauni lao, na kijana anapoteza zamu. Akienda nao, uji unakuja na mlango uko wazi na hakuna mtu.

Saa kumi kasoro dakika tano alisimama, akachukua mfuko. Koti akaliacha kwenye kiti.

"Alfons. Nakwenda, narudi. Tazama, koti hilo hapo. Sasa hivi."

Alfons aliangalia mlango.

Jua lilikuwa kali na barabara ina vumbi la ujenzi. Goti lake la kushoto, lililoharibikia kiwandani, lilianza kulalamika kabla ya daraja. Alipofika jukwaa namba nane, jasho limemloanisha mgongo, wote wanne walikuwa wameshafika. Hata Janosch.

"Mama mwenyewe huyo," Mzee Ruckdeschel alisema. "Na koti umelitupa wapi? Umelicheza karata?"

Zenta alitoa karatasi mfukoni. "Shikeni. Mimi sirudi nanyi."

"Husemi kweli."

"Nasema kweli. Tena nina haraka."

"Lakini jina lako limo!" Bi Wohlrab alisema. "Tena la kwanza. Sasa utarudi na nini?"

"Jina bila karatasi si tiketi. Mmemsikia mkaguzi."

Mzee Ruckdeschel alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa utani, lakini utani ukimwishia alikuwa anabaki kama duka lililofungwa. "Nauli ya jioni peke yako, mama, ni mchango wa Alhamisi mbili huo."

"Najua ni Alhamisi ngapi."

"Huko unakokwenda hapakimbii kwa jioni moja. Panda, utakuja wiki ijayo."

"Wiki ijayo mume wangu atakuwa na mrija tumboni," Zenta alisema. Hakuwahi kuwaambia anakwenda Nuremberg kufanya nini, na wao hawakuwahi kuuliza. Treni ikaingia.

Alimpa Janosch karatasi. Kijana akaipokea kwa mikono miwili, vidude vya masikioni ameshavivua.

"Mimi? Mpe mzee."

"Mzee husahau miwani. Shika wewe. Na usiachane nao."

Hakusubiri milango ifungwe. Kilima alikipanda akishika ukuta wa nyumba za watu, akasimama mara mbili. Alipoingia chumbani toroli la chakula lilikuwa mlango wa pili kutoka hapo. Alfons alikuwa ameegemeza kichwa upande, macho mlangoni, na yalipompata Zenta hayakufanya lolote la ajabu. Yalikaa tu juu yake, kama mtu anayetua mzigo.

Uji ulikuwa wa ngano, mzito, umenyunyiziwa mdalasini. Bi Ansgard akauweka na kutoka. Zenta alivuta kiti, akachota kijiko, akakipeleka. Mdomo umefungwa. Akasubiri. Akahamishia kijiko mkono mwingine.

"Sikiliza," alisema. "Nimepanda kilima kile kwa goti hili. Nimegawa tiketi yangu kwa watu. Sijui nitarudije nyumbani. Ukifunga mdomo, nitaula mwenyewe mbele yako, na njaa ninayo."

Alfons alifungua mdomo. Kijiko kikaingia. Akatafuna uji, kitu kisichotafunwa, kwa muda mrefu. Akameza. Uso ukakunjamana.

"Chumvi," alisema.

Zenta alibaki na kijiko hewani.

"Nini?"

"Haina... chumvi."

Miaka thelathini na minane ya ndoa, hakuna chakula alichokipika Zenta ambacho mtu huyu hakukisema hivyo hivyo. Walishawahi kununiana siku tatu kwa sababu ya supu. "Uji wa mdalasini hautiwi chumvi, mpumbavu wewe," alimwambia, na ilibidi aangalie dirishani kidogo. Halafu akatoka kwenda kumwomba Bi Ansgard chumvi. Chembe chache, kwa ruhusa. Alfons akala bakuli lote isipokuwa vijiko vitatu. Bi Ansgard aliandika kwenye karatasi ya kitandani, akapigia mstari, na kuahidi kwamba daktari ataisoma kabla ya Jumatatu.

Saa kumi na mbili unusu Zenta alikuwa stesheni ya Nuremberg, amevaa koti, hana karatasi. Alisimama karibu na mashine, akaangalia bei ya nauli ya kawaida, akarudi nyuma hatua moja, akaiangalia tena.

"Wa Hof wewe, au?" sauti ilisema.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, Dilek, msusi, mikono ina madoa ya rangi ya nywele. Alikuwa na watu watatu nyuma yake, wote sura za kazi. "Mimi nashukia Münchberg, hawa wanaendelea. Amebaki mmoja tu wa kutimiza watano. Umeitazama hiyo mashine kama anayetaka kuivunja, nikasema huyu ni wangu."

Zenta alitaka kucheka, nguvu hakuwa nazo. Akatoa mchango wake, akataja jina. Dilek akaliandika la mwisho, chini kabisa.

Ndani ya treni alikaa katikati yao. Mkono wake ulikwenda mfukoni wenyewe, ukapapasa, ukakuta chupa ya maji na maganda ya mkate. Hakukuwa na kitu cha kulinda. Alilala kabla ya daraja la kwanza. Mkaguzi alipopita, Dilek ndiye aliyeonyesha karatasi na kusema, "Na huyu anayekoroma. Mwache."

Jumatatu jikoni, mikono iko ndani ya sufuria, simu ikalia. Ilikuwa Bi Ansgard. Mrija umeahirishwa wiki mbili, wataangalia uzito. Jioni za Ijumaa na Jumamosi alikula kidogo. Jumapili hakula.

Alhamisi iliyofuata Zenta alisimama na boksi lile lile. Chini ya maandishi ya zamani aliongeza mstari: KURUDI SAA MOJA JIONI. Watu walisoma, wakaangalia saa zao, wakapita. Kina Wohlrab hawakuja kabisa. Janosch alisimama akasoma, akasema zamu yake haimruhusu, akaomba radhi mara mbili. Saa tatu kasoro dakika kumi alikuwa amebaki Mzee Ruckdeschel peke yake.

"Saa moja?" mzee alisema. "Shemeji yangu ataninyoa mpaka pensheni."

"Asiyetaka atafute boksi lingine."

"Nani kasema sitaki?" Akatoa hela. Wakiwa wawili ilikuwa nyingi, naye akaihesabu polepole, akiguna. "Na humo mfukoni unachezesha nini, mbona kinachakacha?"

"Chumvi," Zenta alisema, akachukua kalamu, akaandika majina mawili.