Mashine Iliyokohoa Kama Mkwe

Kiingereza changu ni cha kidato cha pili, tena cha kubahatisha, lakini kipaza sauti hakiulizi cheti. Katika banda moja la video pale Nachingwea mimi ndiye niliyekuwa nasimama kando ya luninga, nawasemea Waswahili yale wanayosema Wazungu. Nilipojua, nilitafsiri. Nisipojua, nilitunga, na nakiri kwamba nilitunga sana. Watu waliniita DJ, nami nikavimba kichwa.

Kichwa hicho ndicho kilichomfukuza mke wangu. Msimu wa korosho aliokota peke yake, mgongo umepinda kutwa nzima, mimi niko bandani naua majambazi kwa mdomo. Siku moja akasema anakwenda Chunyu kuwasalimia wazazi. Salamu ikachukua mwezi mzima. Baba yake akanitumia ujumbe: njoo na wazee wako, tuzungumze. Nikachukia. Niende na wazee, kwani naposa upya? Nikaapa kumsubiri arudi mwenyewe, na kila jioni nikala ugali wa kujipikia, wenye mabuje ya unga mbichi.

Sikukuu ya Idi mwenye banda akaleta picha ya familia, ili akina mama na watoto nao waingie mchana. Ilihusu mpira wa kikapu, mchezo ambao kwetu wengi hatujawahi hata kuugusa. Adui yake hakuwa mtu, ilikuwa mashine yenye akili, ile ambayo redio huiita akili mnemba. Ilikuwa imemfungia mama wa nyumba ndani ya kompyuta, na mumewe na binti zake lazima waifunge uwanjani ndipo imwachie.

"Sasa hiyo mashine inakaa wapi?" akauliza mama mmoja mbele.

"Haina kwao, mama. Haina mwili, haina shamba, ina kiburi tu."

Hapo shetani akaninong'oneza. Nikaipa mashine sauti ya baba mkwe wangu, na kikohozi chake kile kizito anachotanguliza kabla ya kila neno. "Khoo! Kijana. Mke hatoki humu mpaka uje na wazee wako!" Banda likalipuka. Vijana wa nyuma wakapiga kelele, "Oyaa DJ, umeua!" Nikazidi. Kila mashine ilipofunga kikapu, ilikohoa.

Tatizo likawa mwishoni. Yule mume alishindwa. Alifungwa vibaya, mbele ya wanawe, kisha akapiga magoti katikati ya uwanja akalia. Hata kwa Kiingereza changu nilisikia kwamba anaomba radhi, na anayemwomba ni mkewe, aliyekuwa kwenye kioo cha kompyuta. Alipoomba tu, mlango wa kompyuta ukafunguka. Mimi nilishasema mara tatu kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini kilio cha mwanamume mbele ya wateja wangu sikuweza kukitafsiri. Nikasema: "Anafunga kamba za viatu, jamani! Anajiandaa kuipiga mashine teke!"

Walishangilia. Machozi yale waliyaona, wakaniamini mimi.

Kumbe kijana mmoja alikuwa anarekodi kwa simu. Wiki haikuisha, kikohozi cha mkwe wangu kikawa kinachezwa sokoni Ruangwa. Ulimi uliponza kichwa. Baba yangu mdogo alipopata habari hakugomba, alivaa kanzu tu akasema, "Twende leo, kabla hawajaja kudai talaka." Njia nzima juu ya pikipiki nilimwazia mke wangu. Niliogopa kwamba nimemkosa kabisa, na ndipo nilipojua ninavyompenda.

Chunyu tulikaribishwa mkekani. Mke wangu alikuwa ndani, nyuma ya pazia, nikaona vidole vya miguu yake tu. Mkwe akakohoa. Baba mdogo akainamisha uso, mabega yakitikisika kwa kicheko. Simu ya mzee ilikuwa pale mkekani.

"Mkwe wangu," mzee akasema taratibu, "nimeitazama ile picha yako mpaka mwisho. Yule bwana pale chini, alikuwa anafanya nini?"

"Anafunga kamba za viatu, baba."

"Macho yangu mabovu. Lakini sikuona kamba."

Nyuma ya pazia mtu akacheka, akajizuia. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu korosho zianze kudondoka. Maneno yote niliyozoea kuyatunga yakanikimbia. Nikatoka mkekani, nikapiga magoti kwenye mchanga, nikiwa nimeuelekea mlango wenye pazia.

Mzee akakohoa. "Na wewe unafunga kamba?"

Nikatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa ndala.

"Hapana, baba," nikasema, na sauti ilikuwa yangu mwenyewe. "Naomba radhi kwa mke wangu."