Shibiri Moja Juu ya Fisi

Wee acha ubishi, risasi haiendi imenyooka kama kamba! Mtutu unainuliwa kidogo tu, risasi inapanda, inavuka mstari wa jicho lako, halafu inashuka na kuuvuka tena. Pale pa pili, umbali uliouchagua mwenyewe, ndiyo zero. Sijasomea popote, nimejifunza kwenye simu na kwenye makaratasi yaliyotobolewa. Lakini hili nakuapia.

Rafiki yangu, tuliyechunga naye hapa Kimali tangu tukiwa hatuna meno ya mbele, ndiye mwenye leseni ya bunduki. Fisi walipozidi kula ndama, bwana nyama, yule ofisa wa wanyamapori, akampa ruhusa. Tukaenda kuijaribu. Yeye anafyatua, mimi nasoma matundu na kumwambia azungushe kitufe cha darubini ya bunduki kiasi gani. Zero tukaiweka hatua mia na arobaini, ubavu wa ekari mbili za pamba, maana huku kila mtu anajua ubavu wa ekari ni hatua sabini. Kwa vichaka vyetu, fisi humwoni mbali zaidi ya hapo. Nikaweka alama kwenye darubini kwa rangi ya kucha ya dada.

Kumbe jamaa mmoja wa Bariadi mjini kamcheka: "Ekari mbili? Hiyo bunduki au manati?" Rafiki yangu akaenda kimyakimya akaizungusha mpaka ekari sita.

Asubuhi moja tukiwa pamoja, fisi akatokea, hatua kama mia na hamsini. Rafiki yangu akalenga bega. Kwa zero ya mbali hivyo, hapo katikati risasi bado iko juu. Ikapita juu ya mgongo wa fisi, shibiri moja hivi, ikamwangusha ng'ombe wa mjane, nyuma ya kichaka. Nikaishika darubini. Alama imehama.

"Umezungusha?"

"Ndugu yangu, usiseme. Watanipokonya leseni. Tuseme fisi aliruka."

Nikasema haya. Na ntemi, mkuu wa sungusungu wetu, alipopita kwangu kuuliza, nikamwambia fisi aliruka.

Kesho yake kwenye mkutano, rafiki yangu akasimama. Hakunitazama.

"Mimi nilifyatua tu, ntemi. Mahesabu ni ya huyu fundi aliyesomea kwenye simu."

Watu wakacheka. Niliruka kama nimemwagiwa uji wa moto, nikapiga kelele: alama, ekari sita, yote!

"Jana uliniambia fisi aliruka," ntemi akasema. "Leo tukuamini lipi?"

Nikatengwa mwezi mzima. Hakuna salamu, hakuna kuomba moto, kisimani wananipisha kama mgonjwa. Dada ananiwekea ugali mlangoni bila neno. Na rafiki yangu? Ananipita na baiskeli, macho kwenye mnyororo.

Juzi adhabu imeisha. Wa kwanza kufika ni yeye, mkono mbele, meno nje.

"Mwangaluka, ndugu yangu! Njoo tuiweke upya ile zero, fisi wamerudi."

Haya, wewe unayejua sana: ungempa mkono?