Kamba ya Baba na Meno ya Kinanda

Kinanda cha kanisa letu kilinuka mafuta ya taa. Mzungu mmoja wa shamba la miwa alikiacha aliporudi kwao, na unyevu wa pwani ulikuwa ukikila polepole, hivyo kila Ijumaa Bi Rahel, mke wa katekista, aliiwasha kandili ndogo na kuiweka ndani yake, chini kabisa, ili meno yakauke na yaweze kubonyezeka Jumapili. Meno ndivyo tulivyoviita vile vibao vyeupe na vyeusi. Hadi leo, nikipita karibu na jiko la mafuta, hujiona tena mtoto aliyeitwa mbele ya watu.

Ilikuwa Ramisi, miaka ya hamsini, msimu wa vuli. Harufu ya molasi kutoka kiwandani ilikuwa imetuingia hata kwenye nguo, na mvua ilinyesha karibu kila siku. Katekista alikuwa amepata uhamisho wa kwenda Taita, na Bi Rahel ndiye peke yake aliyejua kupiga kinanda. Mzee Yona, mkuu wa wazee wa kanisa, alisimama siku moja baada ya ibada akasema kwamba hawezi kulinda chombo kisicho na mpigaji. Kama mpaka Jumapili ya mwisho ya Bi Rahel hajapatikana mtu wa kupiga wimbo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, lori la kiwanda lingekipeleka Mombasa kikauzwe. Kati yetu sisi watoto waliojaribu kujifunza, nilikuwa nimebaki mimi peke yangu. Sijui kama nilikipenda kinanda kuliko wenzangu. Labda niliogopa zaidi kuacha kuliko kuendelea.

Shida ni kwamba kanisa lilifunguliwa kwa ajili yangu Jumamosi tu, na Bi Rahel alisema vidole vinavyofundishwa mara moja kwa wiki husahau. Ndipo Baba alipoamua kunitengenezea kinanda cha ubao. Baba alikuwa nyapara wa wakata miwa. Kila asubuhi aliwapimia watu wake ngwe, yaani sehemu ya shamba ambayo kila mmoja alipaswa kuimaliza siku hiyo, na alipima kwa kamba ya katani aliyoining'iniza begani kama watu wengine wanavyovaa shuka. Alikata kipande cha kamba hiyo, akaenda nacho kanisani, akakilaza juu ya meno na kutia alama ya kila jino kwa rangi nyekundu ya kuandikia magunia. Njiani kurudi mvua ilimkamata. Aliingia nyumbani akitiririka maji, akakataa hata kubadili shati kabla ya kuzihamisha alama zote ubaoni, na meno meusi akayapaka masizi. Nilikuwa sijapata kumwona akifanya kazi kwa furaha namna ile.

Kupata saa ya mazoezi kulinitesa kuliko mazoezi yenyewe. Nilijaribu jioni, lakini Baba alirudi amechoka na mlio wa vidole ubaoni ulimkosesha usingizi, ingawa hakusema. Nilijaribu baada ya shule, wadogo zangu wakaupanda ubao. Mwishowe nilipata nafasi kati ya adhana ya alfajiri na king'ora cha kiwanda. Muadhini aliponyamaza nilikuwa nimekwisha kuketi, na king'ora kilipolia niliinuka, hata kama nilikuwa katikati ya wimbo. Siku niliyochelewa niliamini kila kitu kimeharibika, nikashinda shuleni vidole vikicheza juu ya paja. Bakari, jirani yetu tuliyepakana naye ukuta, mmoja wa wakataji wa Baba, alikuwa akitoka msikitini saa hiyo. Nikimwamkia shikamoo aliitika marahaba, kisha akauliza, "Leo umewapigia panya wimbo gani, Dama?"

Nilifanya hivyo kila siku, na kila Jumamosi niliharibu. Mkono wa kulia ulikwenda vizuri, maana noti zake zilikaa karibu karibu. Lakini palikuwa na mahali ambapo mkono wa kushoto uliruka mbali, na hapo kidole changu kiliangukia katikati ya meno mawili, yakalia yote mawili kwa pamoja, kelele mbaya kama mlango wenye kutu. Ubaoni sikukosea hata kidogo. Kinandani sikupata hata kidogo.

"Hufanyi mazoezi, mwanangu," Bi Rahel aliniambia, zikiwa zimebaki wiki mbili.

"Nafanya, Bi Rahel."

"Vidole havisemi uongo."

Nililia njia nzima. Nilijua nafanya, ila kufika nyumbani nilikuwa nimeanza kujiuliza kama kweli nafanya.

Jioni ya Jumatatu alikuja nyumbani mwenyewe, akaniamuru nipige ubaoni mbele yake na mbele ya Baba. Niliruka, nikaangukia palepale panapotakiwa. Nikarudia. Bi Rahel alikunja uso, akauweka mkono wake mwenyewe juu ya ubao, akautanua, na kidole chake kidogo kikapita jino alilolitaka.

"Baba Dama, meno ya ubao huu ni membamba."

"Haiwezekani. Nimepima mimi, kwa kamba ya kazi."

"Ulipima lini?"

"Siku ile ya mvua kubwa. Nilipima kukavu, nikaja kuchora nimerowa, lakini kamba ni ileile."

Kicheko kilitoka barazani. Bakari alikuwa amekuja kuomba kaa la moto, na sasa alikuwa ameegemea nguzo, kigae chenye kaa mkononi.

"Ileile! Ewe bwana nyapara, katani ikirowa yafupika. Siku za mvua ngwe zako huwa fupi, sisi sote twajua. Mbona twaombea mvua!"

Nilimtazama Baba usoni, nikawaza mambo yote kwa mpigo: kwamba atamfukuza Bakari kazi, kwamba yeye mwenyewe atafukuzwa, kwamba atauvunja ubao. Baba aliitoa kamba begani, akaivuta kwa mikono miwili kama anayeiona mara ya kwanza.

"Na mwaka huu," alisema taratibu, "imenyesha sana."

Bakari alicheka mpaka kaa likaanguka. Kesho yake Baba alikwenda kanisani na fito kavu, akaugeuza ubao na kuchora upande wa pili.

Lakini vidole vilikuwa vimekwisha kujifunza upande wa kwanza. Siku zilizobaki nilipambana na mkono wangu mwenyewe, na kila alfajiri king'ora kililia mapema kuliko jana. Jumapili ile kanisa lilijaa. Mzee Yona aliketi mbele, fimbo kati ya magoti. Nilipokaribia ule mruko nilisikia sauti ya Baba ikikatika katikati ya neno, maana naye alipajua mahali penyewe. Kidole kilifika. Katika ubeti wa pili kilirudi kwenye ubao wa kale, na meno mawili yakalia pamoja mbele ya watu wote. Nilitaka kukimbia. Mikono iliendelea, kwa kuwa king'ora kilikuwa hakijalia. Katika ubeti wa tatu kilifika tena.

Baada ya ibada Mzee Yona aliniita. "Umekosea ubeti wa pili."

"Ndiyo, Mzee."

"Jumapili ijayo usikosee."

Hivyo ndivyo kinanda kilivyobaki Ramisi.

Sasa, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, nina shahada, na chumba cha kupanga Nairobi, na wiki hii nimeitwa kwenye usaili wa kazi. Hakuna king'ora wala adhana inayofika dirishani kwangu, kwa hiyo sijui niamke saa ngapi wala niache saa ngapi, na nafanya maandalizi mpaka yananichanganya. Ubao uko hapa, umeegemea ukuta. Alfajiri nauweka mapajani, upande sahihi juu, napiga wimbo uleule. Siku za utulivu mkono wa kushoto hufika. Leo nina hofu, na umeangukia pungufu, palepale ambapo Baba, akiwa amerowa chapachapa, alitia alama kwa furaha. Nimeuacha hapo kwa muda. Kisha nimeanza ubeti wa tatu.