Kopo Lenye Picha ya Mtoto

Watu huniambia kwamba hasira iliyokaa muda mrefu moyoni ni dhambi. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba ipo hasira ambayo dhambi ni kuiacha. Hii ninayoieleza ni ya aina hiyo, na sina nia ya kuitubu.

Tulihamia Songea katika miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mume wangu alipopata kazi kwenye mradi wa maji. Kwetu ni Kenya, katika vilima vya Taita, ambako nilikuwa nimefundisha shule ya msingi. Tanzania sikuweza kufundisha bila kibali, na kibali hakikuja. Nikabaki nyumbani, Matogoro, pamoja na wanangu watatu: mvulana aliyekuwa ameanza darasa la kwanza, dada yake wa miaka minne, na mdogo wao wa kiume aliyezaliwa muda mfupi baada ya sisi kufika.

Ugeni wa mtu mwenye watoto wadogo haufanani na ugeni wa mtu aliye peke yake. Mtu mzima aweza kujifungia na vitabu vyake akasahau aliko. Watoto huileta nchi ya watu ndani ya nyumba kwa miguu yao: leo wimbo, kesho tusi, keshokutwa chawa. Wangu walijifunza upesi kumwamkia kila mtu mzima kwa shikamoo, jambo lililonipendeza. Walijifunza pia kuukataa uji wangu kwa sababu haukutiwa karanga zilizotwangwa kama ule wa jirani, jambo ambalo halikunipendeza hata kidogo.

Jirani mwenyewe alikuwa bibi wa Kingoni, mjane, mwenye sauti iliyovuka mashamba mawili. Msimu wa ulanzi ulipofika, pombe ile ya mianzi ikampanda, sauti ilivuka hata matatu. Sikumkubali. Nililelewa kuamini kwamba uzee ni staha, na yeye staha aliiacha nyumbani kila alipotoka. Lakini binti yake, aliyekuwa akiuza dagaa wa Nyasa sokoni Majengo, alijifungua mtoto wa kike wakati uleule nilipojifungua mimi, na kwa kuwa mama huyo kijana alishinda sokoni, kichanga chake alikilea bibi. Asubuhi, ukungu ukishapanda kutoka mashambani, bibi alitandika mkeka uani kwake, akawalaza watoto wote wawili, wake na wangu, miguu ikigusana. Mimi nilifua, yeye alichambua mboga, na wakubwa wangu wakakimbizana kati yetu. Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Siku moja mimi na wanangu tulifuatana naye Majengo, kwenye duka la Mhehe mmoja aliyekuwa ametoka Iringa kufanya biashara. Bibi hakusalimia.

"Hodi, mla mbwa! Leo umechinja yupi?"

"Karibu, mkimbizi," akajibu muuza duka bila hata kuinua macho kutoka kwenye mizani. "Wazulu wameshachoka kukufukuza?"

"Walichoka zamani. Waliponusa jikoni kwako wakarudi wenyewe."

Kisha bibi akachukua kipande cha sabuni, akakifunga kwenye pindo la kanga, akatoka. Hakulipa. Mwenye duka akampigia kelele kwamba atakuja kujilipa kuku, naye akajibu kutoka barabarani, "Njoo! Ila mbwa wangu usimtazame kwa jicho hilo!"

Nilikuwa nimekwisha kuwaziba watoto masikio. Njiani nilimwambia bibi, kwa heshima yote niliyoweza kuikusanya, kwamba wizi na matusi mbele ya watoto ni mafunzo mabaya. Akacheka mpaka akasimama.

"Mama mgeni, yule ni mtani wangu! Mngoni na Mhehe. Wao hutuita wakimbizi wa Wazulu, sisi huwaita wala mbwa. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka. Sisi tumerithi kuchekana. Nikichukua kitu chake hawezi kukasirika. Akikasirika, aibu ni yake."

Sikuridhika. Na kama nilivyohofia, wiki hiyohiyo mwanangu alisimama mbele ya duka lile, akaunganisha mikono kwa adabu, akasema, "Shikamoo, mla mbwa." Yule bwana, ambaye bibi alimjibu kwa mzaha, alikunja uso.

"Namsamehe kwa sababu ni mgeni," aliniambia. "Utani hauokotwi njiani, mama. Mtu huzaliwa nao."

Nilimwomba radhi, nikamtia mtoto adabu tulipofika nyumbani.

Ndipo lilipokuja kopo.

Wasomaji wanaoikumbuka miaka ile watakumbuka jinsi maduka yalivyojaa ghafla. Watu waliokuwa wamepanga foleni kwa ajili ya sukari na sabuni walikuta rafu zimesheheni vitu wasivyovijua majina. Silaumu wingi. Nalaumu kwamba vitu vile viliingia bila mtu wa kutuambia ni nini. Katika duka la yule Mhehe palisimama kopo kubwa la unga mweupe, lenye picha ya mtoto mnene aliyeshika kikombe na kucheka. Wachache waliweza kununua kopo zima. Wengi walipimiwa kwa kijiko, wakafungiwa kwenye karatasi, wakaondoka na unga bila maandishi yake.

Mama kijana alikuwa mmoja wao. Aliambiwa dukani kwamba ndiyo maziwa wanayokunywa watoto wa wakubwa. Akaanza kumwachia bibi karatasi ile kila alfajiri, na yeye akabaki sokoni mpaka jua lizame, maziwa yake yakipungua kifuani siku hadi siku kwa kukosa mtoto wa kuyanyonya.

Mkeka ndio uliotusema. Wangu aliongezeka, akajifunza kugeuka, akaanza kuvuta majani ya mboga za bibi. Mwenzake alilala alipowekwa. Nywele zake zilikuwa nyepesi na zenye rangi ya majani makavu. Mikono ikapungua, miguu ikavimba. Binti yangu aliacha kucheza naye. "Mama," alisema, "huyu mtoto amechoka na nini?"

Niliongozana na mama yake mpaka zahanati. Muuguzi alimbonyeza mtoto mguu, akatazama shimo lililobaki, akasema kwa ukali kwamba mtoto hapewi chakula.

"Hapewi?" mama kijana akauliza. "Dada, mimi na mama yangu tunakula ugali na chumvi ili yeye apate maziwa ya kopo. Nimpe nini tena?"

Siku hiyohiyo nilikwenda dukani, nikaomba kopo nilishike mkononi. Maandishi makubwa yalikuwa ya Kiarabu. Chini kabisa, karibu na mshono wa bati, palikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza, na hayo niliweza kuyasoma. Halikuwa na maziwa. Ulikuwa unga wa kutia weupe kwenye chai na kahawa, uliotengenezwa kwa mafuta na sukari, na mwishoni paliandikwa kwamba asipewe mtoto mchanga.

Nilimsomea mwenye duka neno kwa neno. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, Kizungu mimi sijui. Mimi nasoma picha, na picha ni ya mtoto."

"Sasa umejua."

"Nimejua. Na mzigo nimeshanunua. Nikautupe wapi?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa. Kutojua naweza kusamehe. Sote tulikuwa hatujui. Ila mtu aliyekwisha kusomewa, akaelewa, kisha akachota kijiko kingine mbele ya macho yangu na kumfungia mteja, huyo amevuka mpaka ambao hakuna hasara ya biashara inayoweza kuuhalalisha.

Nilikwenda kwa bwana afya. Aliniuliza kama kopo limepitwa na wakati. Halijapitwa. Kama ni sumu. Kwa mtu mzima si sumu.

"Basi namkamata kwa kosa lipi? Chai anauza halali. Mnunuzi akienda kumpa mtoto, hiyo ni hiari yake. Sasa biashara ni huru, mama."

Nilimwuliza mtoto wa miezi mitano ana uhuru gani. Akanishauri nikapumzike, akaongeza kwa upole uliotaka kunichoma kwamba wageni huchelewa kuzoea.

Nilirudi nyumbani nikamweleza bibi kila neno. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakupaza sauti. Alimtazama mjukuu wake pale mkekani. Akaniuliza, "Umemsomea na akaendelea kuuza?" Nikasema ndiyo. Akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akachukua tenga lake la mahindi, akatoka. Nilimbeba mwanangu mgongoni, nikamkumbatia yule mgonjwa kifuani, nikamfuata pamoja na wakubwa wangu.

Duka lilikuwa na wateja wengi.

"Hodi, mla mbwa!"

"Karibu, mkimbizi. Leo umekuja na kikosi kizima!"

"Nimekuja kukuuliza. Hivi mbwa wa Iringa wameisha?"

"Wameisha, bibi. Nimewafuata huku Songea."

"Na wa huku?"

"Nao wanakaribia." Watu walianza kucheka.

"Ndiyo maana," bibi akasema, "umeanza kula wajukuu zetu."

Akanivuta mbele. Wateja walimwona mtoto: nywele, mikono, miguu. Kicheko kilikatika. Bibi akazunguka meza, akashusha lile kopo kubwa lililofunguliwa, akashusha na mengine yote yaliyokuwa rafuni, akayapanga tengani bila haraka, kama mtu anayevuna shamba lake. Mwenye duka alinyoosha mkono. Mkono ukasimama hewani.

"Bibi, utani huu una gharama."

"Umekasirika?"

Aliwatazama wateja.

"Nauliza mbele ya watu. Umekasirika?"

"Sijakasirika," alisema, na jasho lilikuwa likimtiririka.

"Basi nipishe mlangoni. Unaona mikono yangu imejaa."

Alimpisha. Bibi aliyafungua makopo moja baada ya jingine kando ya mtaro, akamwaga unga kwenye maji machafu. Mbwa mmoja wa mtaani alikuja kunusa, akaondoka zake. "Tazameni," bibi akapaza sauti, sasa ile ya kuvuka mashamba, "hata mboga yake imeyakataa maziwa haya!"

Kabla ya jioni Majengo nzima ilikuwa ikiuita unga ule maziwa ya mbwa, na dukani kwa Mhehe hakuna aliyethubutu kuuagiza tena. Baada ya siku kadhaa alikuja Matogoro, akakamata kuku wa bibi aliyekuwa akitaga, akaondoka naye akicheka. Bibi naye alicheka, akamtukana mpaka alipopotea kwenye kona. Mimi sikucheka. Niliona kwamba kuku alikuwa halali yake kwa sheria zao, lakini sikuona wapi katika sheria hizo palipolipwa mtoto.

Mtoto alilazwa hospitali, kisha akarudi. Mama yake aliacha soko kwa muda, akamweka kifuani usiku na mchana mpaka maziwa yakaanza kurudi. Yalipokuwa hayatoshi, nilimnyonyesha mimi, yeye upande mmoja na mwanangu upande wa pili, wakipigana mateke juu ya tumbo langu. Baadaye ukaja uji wa karanga, uleule ambao wanangu walikuwa wamenisuta nao. Miguu ilinywea. Asubuhi moja alinyoosha mkono pale mkekani, akamvuta mwanangu nywele, na binti yangu akapiga ukelele wa furaha uliomwamsha hata mume wangu.

Nilimshukuru Mungu, na bado namshukuru. Lakini sikubali kuifanya hadithi hii kuwa tamu. Katika mji wenye ofisi, mihuri, na watu waliosomeshwa kwa jasho la wakulima, maisha ya mtoto yaliokolewa kwa sababu tu bibi yake na muuza duka walizaliwa katika makabila yanayotaniana. Mzaha ulifanya kazi ya sheria, na sheria ikakaa kwenye kiti chake ikituambia tupumzike.

Uthibitisho haukuchelewa. Kopo lilelile lilitokea karibu na stendi ya mabasi, kwenye duka la mfanyabiashara aliyetoka mbali, ambaye watu wake hawana utani na Wangoni. Nilimpelekea bibi habari nikitegemea ajifunge kanga kiunoni. Alitikisa kichwa.

"Kwa huyo sina mkono, mama mgeni. Nikimgusa yule, ni wizi."

Basi nilikwenda mimi. Niliwavalisha watoto nguo za Jumapili, tukaingia wakati duka limejaa, tukaamkia waliotuzidi umri. Niliomba kopo. Nililisoma kwa Kiswahili, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia darasani, kuanzia juu hadi mwisho, na nilipofika kwenye neno la watoto wachanga nilirudia.

"Mama," mwenye duka akasema, "unanunua au unahubiri?"

"Ninasoma. Kesho nitasoma tena."

Kesho yake nilisoma tena. Binti yangu alikuwa ameshika maneno ya mwisho kwa moyo, akayatamka pamoja nami. Siku iliyofuata, mwenye duka alituona tukivuka barabara, akaliteremsha kopo na kulisukuma chini ya meza. Nikamwomba alitoe. Wateja waligeuka kutazama meza, naye akawa hana budi.

Tulipokuwa tukirudi Matogoro, mvulana wangu, ambaye nilikuwa nimemtia adabu kwa maneno ya dukani, alinishika mkono.

"Mama, yule naye ni mtani wetu?"

"Hapana," nilimwambia. "Ndiyo maana sisi hatucheki."