Matembezi ya Mume Wangu

Mume wangu alikuwa karani wa ghala bandarini, nami nilifundisha darasa la tatu. Tulihamia Mtwara kutoka bara, tukapanga mtaa wa Rahaleo. Alikuwa hajafikisha miaka arobaini na mitano moyo ulipomwangusha kazini. Siku alipotoka hospitali, daktari alituketisha sote wawili. Presha iko juu, alisema. Sigara aache, chumvi apunguze, na kila siku atembee.

"Si kwa kujivuta," alisema. "Atembee mpaka aheme, lakini bado aweze kuongea. Moyo nao ni msuli, mama. Usipofanya kazi unalegea."

Alitii kuliko nilivyotarajia. Asubuhi na mapema alivaa raba na kaptura, akashika njia ya kijiji cha Mtawanya. Mwanzoni alirudi hoi kabla hajaifikia hata mikorosho ya kwanza. Baada ya miezi kadhaa alikuwa anafika Mtawanya na kurudi, anaingia ndani akipiga mluzi, anaomba chai.

Ila ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, kulikuwa na vita, na mtu mzima anayekwenda mbiombio bila jembe wala mzigo alitiliwa shaka. Mgambo walimsimamisha mara mbili. Kisha balozi wetu wa nyumba kumi akaja nyumbani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Huyu bwana anakwenda wapi kila siku? Watu wanauliza."

Nilimweleza habari ya moyo. Akatikisa kichwa. "Mgonjwa wa moyo si hupumzika?"

Shuleni nako wenzangu walikuwa wakinitania kwamba mume wangu ana mwanamke Mtawanya. Hilo ndilo lililonichoma, si mgambo. Jioni ile nikamwambia, "Baba watoto, acha haya matembezi. Unatuaibisha."

"Nikiacha nitaumwa."

"Kaa nyumbani, nitakutunza mimi."

Akaacha. Akawa mtu wa kukaa barazani na redio yake. Nami, kwa kutaka kumfurahisha, nikaanza tena kumpikia samaki wa chumvi wa Msimbati, aliowapenda sana. Alinenepa. Miguu ikaanza kuvimba, na kutoka barazani hadi chumbani alikuwa anapumzika katikati.

Tuliporudi kwa daktari, swali la kwanza lilikuwa, "Anatembea?"

Kabla mwenyewe hajafungua mdomo nikajibu, "Kila siku, daktari."

Daktari akakunja uso, akaandika, akaongeza vidonge. Mume wangu alikuwa anatazama dirishani.

Njiani nikamuuliza kwa nini hakunikanusha.

"Ningekuumbuaje mbele ya watu?" alisema, akasimama kuvuta pumzi.

Nilitaka kumwomba radhi palepale. Badala yake nikamuuliza kama angependa muhogo wa nazi usiku ule.

Alifariki kabla mvua za mwaka ule hazijaanza. Wanangu nikiwaambia baba yao alikufa kwa moyo, sisemi uongo. Lakini wakiuliza kama alijitahidi kupona, nawajibu kwamba alijitahidi sana, kisha natafuta kazi ya kufanya jikoni.